Breki ya Cecilia

Kinyangiri, Mkalama,
Singida.
16 Julai 2023

Mpendwa dada Emiliana,

Shikamoo. Hamjambo huko Njombe, wewe na shemeji na watoto? Goti lako linaendeleaje, au baridi ya mwaka huu imelichokoza tena? Sisi wazima. Alizeti tumeshavuna, na mama yupo Misigiri kwa Amosi, anakula vizuri.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hupokelewa na shemeji, na haya si ya kusikiwa na mwanaume. Dada, nina wivu. Namwonea wivu marehemu.

Unakumbuka nilipoolewa na Gaspari ulinionya kwamba mwanaume aliyefiwa na mke haji peke yake. Nikakubishia. Cecilia hakuacha mtoto, nikajua amepumzika. Sikujua kwamba ameacha baiskeli.

Ni baiskeli kuukuu aliyopewa na masista, ndefu, haina fito wala waya wa breki kwenye usukani. Breki imefichwa ndani ya habu, pale katikati ya gurudumu la nyuma. Ukitaka kusimama unakanyaga pedeli kinyumenyume. Cecilia aliipanda kwenda kufundisha kwaya kwenye makanisa madogo ya vigangoni. Tangu afariki ilikuwa stoo, breki imekufa. Baada ya mavuno Gaspari akaitoa.

Kwanza aliipaka mafuta ya alizeti humo ndani, maana sisi huku kila kitu ni alizeti. Yakaganda kama ulimbo. Akaosha kwa mafuta ya taa, akaanza upya. Kibati kimoja cha ndani kilikuwa kimelika, akachonga kingine kwa shaba ya kufuli bovu. Anapima, anapuliza, anakifuta kwa shati lake. Mlango wa jiko langu umelegea tangu mwaka jana na hajauona. Chai inapoa, mimi namwangalia anavyokishika kile chuma, nikajiuliza mbona mimi sijawahi kushikwa hivyo. Cheka tu.

Na watu nao! Kila apitaye anasema ile ni ya Cecilia. Redempta, anayefundisha kwaya siku hizi, alisimama kabisa kunisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akifika mlangoni mwa kanisa, anakanyaga nyuma mara moja na kusimama bila kushika kitu, mgongo umenyooka. Nikamuuliza kama hana kazi kwake.

Jumapili moja mwezi uliopita Gaspari akanisogezea baiskeli imepona, akasema niipande kwenda misa. Nikaipanda kwa hasira, ili wanione. Karibu na kanisa kuna mteremko, na watu walikuwa wamejaa nje. Nikafanya kama tulivyozoea kwenye baiskeli zetu zote, ukiteremka unarudisha pedeli nyuma kwa maringo. Breki ikakamata, gurudumu la nyuma likateleza, usukani ukageuka. Nikaruka juu ya usukani mbele ya kwaya nzima. Pale chini nilikuwa na hakika Cecilia ndiye aliyenisukuma.

Gaspari alikuwa nyuma yangu kwa miguu, akaja mbio. Baiskeli imelala njiani, usukani umepinda, gurudumu bado linazunguka. Akaipita. Hakuiangalia hata kidogo. Akapiga magoti mavumbini na suruali yake ya kanisani, akashika kifundo changu cha mguu kwa mikono miwili, taratibu, vile vile alivyokuwa akishika kile chuma. Nililia, dada, na si kwa maumivu.

Jioni nikamkuta na spana, anataka kuing'oa breki aweke gurudumu la kawaida.

"Sikuitengeneza ikuumize," akasema. "Nimechoka kukuona unabeba mahindi kichwani mpaka mashineni."

Nikamwambia aiache, nitaizoea.

Nimeizoea. Sasa nami nasimama mlangoni bila kushika kitu. Lakini usidhani wivu umeisha. Juzi Redempta alikuja kuiazima aende kigangoni, eti marehemu alikuwa hamnyimi. Nikamwambia breki ni mbovu. Gaspari alikuwa ndani, akasikia, akacheka mpaka akakohoa.

Msalimie shemeji, na Noel na Magreth. Mama na Amosi wanakusalimu sana. Mungu awakinge na baridi hiyo. Ukija Desemba utaiona baiskeli yangu, ila habari ya kuipanda tutazungumza kwanza.

Mimi mdogo wako, mwenye wivu na mwenye kukupenda,
Elina