Mchunga si Jani la Sungura

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Likoni tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Ati mwalimu wako asema mchunga, mboga yetu chungu, ni gugu tu? Hata!

Kabla ya uhuru, bwana afya alimwaga kapu la mchunga la mama yangu sokoni. "Wauza majani ya sungura!"

Mama aling'oa gugu mtaroni, akaliweka kando ya mchunga. "La sungura ni hili, lina miba ukingoni. Mchunga hauna miba, una pembe mbili pale jani linaposhika shina. Tazama, bwana!"

Hakutazama. Aliukanyaga mchunga wote akaenda zake. Wallahi, hasira ile ningali nayo.

Ndani ya bahasha nimetia majani yote mawili. Mpe mwalimu wako, usiondoke mpaka atazame.

Babu yako