Haya Yako, Papa Furaha, Nimeirudisha kwa Mwenyewe

Papa Furaha, bwana yangu,

Unajua mukono wangu wa kuandika ni mubaya, weye njo ulikuwa unaniandikia kila kitu. Lakini hii maneno siwezi kumupa mutoto aniandikie. Vumilia.

Mutoto wetu Furaha amezaa tena, ni kijana. Ana paji lako, na njaa ikimushika anakasirika sawa weye. Maharage ilitoka vizuri. Mvua ikinyesha ninawaza kama uko na baridi pale juu ya shamba. Ni ujinga, najua, lakini ninawaza.

Sasa sikia. Nilimuona Muzee Zakaria kwenye hospitali ya Mweso.

Nilikuwa nimepeleka Furaha kuzaa. Ninatoka kuteka maji ya kumuogesha, ninaona muzee wetu wa kanisa amekaa kwenye benchi ya wanaume, na koti yake kubwa kwenye jua kali. Chini ya koti kunatoka kamupira, na kamupira kanaingia mu sashe, kamufuko ka plastiki ka mukojo. Yeye, Papa Furaha! Yeye mwenye alikuambia hospitali inaficha zambi.

Nilisimama pale na ndoo yangu, na yote ikanirudilia. Vile ulianza kuniambia, «Mama Furaha, lala, leo nimechoka,» na uchovu ule haukuisha. Niliwaza umepata mwingine. Kumbe siku moja ukaniambia, ukiangalia ukuta: «Mungu amenizima.» Kwa sababu ya ule mwanamuke wa Ntoto, wakati ulikuwa unauza sabuni na chumvi kule, mbele hata ya kunioa. Nilicheka. Nikakujibu: «Kama Mungu angekuwa anazima wanaume kwa maneno ya ujana, huku Masisi kungebaki watoto?» Ukacheka pia, ukaweka kichwa kwenye bega langu. Ile siku sikukuwa na shida na kitanda baridi. Nilikuwa na weye.

Kisha ukaanza kusimama inje ya nyumba muda murefu, mukojo inatoka matone matone. Infirmier, ule muuguzi wa senta ya afya, akatuambia twende Mweso. Ukasema, «Nimuone kwanza Muzee Zakaria.»

Ee, Papa Furaha. Kwa nini ulimuona kwanza?

Alikuambia ugonjwa wa sehemu ile ni ugonjwa wa zambi. Akakusimamisha mbele ya wanaume wote wa kanisa, weye muntu wa wajukuu, useme mambo ya Ntoto kwa sauti. Kisha akakupandisha kwenye kilima cha maombi kufunga kavu, bila chakula, bila hata tone ya maji. Na kwa sababu hukunywa, mukojo ikapungua. Njo wakapiga vigelegele! «Mumeona? Haamuki tena kila saa! Bwana amemuponya!» Walishuka wakiimba. Ulirudi kwangu tumbo imevimba, ngumu, mukaba ya suruali haifungi, na bado ulikuwa unasema, «Haleluya.»

Tulikubeba mu kipoyi, machela ya miti, kwenda Mweso. Ulikufia njiani, mukono wako mu mukono yangu, ukiuliza kama Mungu amekusamehe. Siwezi kuandika zaidi pale.

Na Zakaria kwenye maziko alisema nini? «Ndugu yetu hakumaliza kufunga kwake.» Mbele ya watoto wako.

Kwa hiyo nilimusogelea kwenye benchi. Akavuta koti kufunika sashe. «Mama Furaha,» akaniambia pole pole, «ni prostati tu. Munganga anasema ni kitu cha uzee, inavimba ndani na kufunga njia ya mukojo. Si mambo ya zambi.»

Si mambo ya zambi! Nilitaka kumumwangia ile maji.

«Na bwana yangu,» nikamuuliza, «yake ilikuwa ya nini?»

Akaanza kulia. «Funika hii maneno, mama. Wakijua nitapoteza kiti yangu ya uzee wa kanisa.»

«Weye utapoteza kiti. Mimi nilipoteza bwana.»

Ningemuacha na machozi yake, pengine. Lakini niliporudi kwetu nikakuta mudogo wako Bahati naye anasimama inje muda murefu. Bibi yake aliniambia kwa siri, kisha akasema: «Lakini usiogope, shemeji, Muzee Zakaria alishamupangia kilima. Wanapanda siku ya Mungu, ibada ikiisha.» Nilimukimbilia Bahati, nikamuambia yote. Akanijibu, «Mama Furaha, kilio imekuchanganya. Muzee wa Mungu hawezi kudanganya.»

Nikaona hataamini mudomo yangu. Itabidi aone.

Siku ya Mungu nilikaa benchi ya mbele. Zakaria akasimama, na koti yake, akatoa ushuhuda: alikuwa mugonjwa, alifunga, Bwana amemuponya bila munganga, na leo anapandisha ndugu Bahati kwa njia ile ile. Kanisa ikaitika amina. Mimi nikasimama.

«Muzee Zakaria, utukufu kwa Bwana. Tunaomba ufungue koti.»

Mama muzee mumoja wa nyuma akasema, «Afungue basi, kwani ameficha kuku?» Watu wakacheka. Zakaria akageuka kutoka, haraka haraka, na ile sashe ikateleza mu suruali, ikaninginia pale, inje, kila muntu anaiona. Kicheko ikakauka.

Nikaona bibi yake amefunika uso na kitenge. Yeye tu njo nilimuhurumia.

Bahati alisimama, akavaa kofia yake ndani ya kanisa, akatoka. Asubuhi yake alipanda moto, ile pikipiki ya kubeba watu, mpaka Mweso. Walimufungulia njia, amerudi, anakula, anasema sombe ninamupikia haina chumvi. Wanaume wengine wa rika yake wamenikuta shambani, mumoja mumoja, wakijifanya wanauliza bei ya mbegu, kisha wananiuliza hospitali inafunguka saa ngapi.

Zakaria hana kiti tena. Mimi pia wamenitenga, sigusi meza ya Bwana mpaka niombe musamaha kwa sababu nilimuvua muzee nguo mbele ya watu. Mama wa kwaya walikuja kunisihi: «Samehe, dada, ni mugonjwa.» Nikawauliza kama bwana yangu hakukuwa mugonjwa, alipovuliwa.

Ninamuombea, Papa Furaha, usishangae. Ninamuombea kwa Mungu wako na wangu maisha marefu sana, na masikio mazuri. Nyumba yake iko kando ya barabara. Ninataka kila moto yenye kubeba muzee kwenda Mweso ipite mbele ya mulango wake, na asikie inaenda, na asikie inarudi na muntu wake muzima.

Lala, bwana yangu. Hukuwa na deni kwa Mungu, na kwangu hukuwa nalo. Ninakuahidi kitu kimoja: siku nitakufikia huko, usiniulize kama nilimusamehe. Nitakuwa sijamusamehe.

Bibi yako,
Mama Furaha