Majaji Walicheka

Dada yangu mpenzi,

Huku tunapumua tu. Runinga nimeifunika shuka. Yale mashindano ya kuimba tuliyokuwa tukinuniana mimi na wewe kwa ajili yake, sitaki hata kuyasikia. Aliyekosea ndiye wanayemrudia kumwonyesha, watu wacheke mpaka basi.

Safari hii aliyechekwa ni binti yangu, uliyemfundisha kuimba wewe mwenyewe. Sauti ilimkauka jukwaani, majaji wakaangua kicheko. Tangu hapo hatoki chumbani. Nakaa sakafuni nje ya mlango wake nikimsomea riwaya ya mwimbaji aliyezomewa. Angalau vitabu havina majaji.

Jana aliuliza, “Mama, mwishoni ataimba tena?”

Nikamwambia ataimba.

Dada, kitabu nimeshakimaliza. Haimbi.

Mdogo wako