TV Ihamie kwa Baba

Doha, Ijumaa, siku ya mapumziko

Kwako Mama Tabitha,

Mulembe, na tena mulembe. Mmeamkaje huko Isecheno? Kifua cha Baba kinasemaje tangu atoke hospitali? Tabitha anaendelea na shule, na mdogo wake Brayo bado anachagua mboga kama waziri kwenye hoteli? Mimi ni mzima kabisa. Joto la huku limepunguza hasira kidogo, na mwili wangu umejaa hadi msimamizi wetu ananiuliza kama ninalala jikoni. Usicheke. Siku utakayoniona utaniita mheshimiwa kabla hujanitambua.

Barua hii anakuletea Hamisi, mwenzangu wa chumba, mtu wa Mumias. Anakuja likizo kwao Matungu. Atakusalimu kwa Assalamu alaikum, nawe umwitikie vizuri hata kama umezoea bwana asifiwe. Mpikie ingokho, kuku wetu wa heshima, ila mwachie amchinje mwenyewe. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu, tukianza jambo hili, ama mtandao unakatika, ama wewe unasema "tuachane na hayo" na kumpa mtoto simu. Karatasi haina mahali pa kukata.

Jambo lenyewe ni TV.

Unakumbuka nilivyokutumia kile kiboksi cha kuonyesha video za mtandao. Nilijigamba mbele ya watu wote wa chumba hiki. Niliwaambia baba yangu alikuwa askari wa msitu, na kila Jumamosi kabla ya jua alikuwa amekwisha kufika uwanjani na fahali wake wa kupigana, ngoma za isukuti zikilia mbele na nyuma. Sasa mguu umekatwa, hawezi kufika uwanjani, lakini mwanawe ni mtu wa Doha! Wale vijana wanaopiga picha mashindano ya fahali na kuyaweka mtandaoni papo hapo, basi Baba atayaona kama amesimama palepale. Nikakuagiza ukichomeke kwenye TV yetu, sebuleni kwetu. "Mwambie Baba akuje aone," nikasema, kama mtu aliyezaliwa Ulaya.

Mama Tabitha, mimi mtoto wa Isecheno nilisahau kwamba kwa mila yetu Baba hawezi kuketi sebuleni kwa mke wa mwanawe. Tangu nikuoe hajavuka mlango wetu hata siku moja. Akileta ndizi anazitua nje, anakohoa, anaondoka. Mimi hapa hotelini ninaingia chumba chochote na ngazi yangu begani, nabadilisha balbu, natengeneza rimoti, hata wenye vyumba wakiwa wameketi na soksi. Nimeingia milango ya watu mpaka nikasahau adabu ya mlango wangu.

Na wewe hukunikumbusha. Najua kwa nini. Uliogopa nitafikiri unamkatalia Baba.

Aliyeniambia ni Tabitha. Nilimpigia simu nikamuuliza habari za babu yake, "Kuka anaonanga fahali?"

"Haoni, Baba. Anasikizanga."

"Anasikizia wapi?"

"Nje. Ameweka kiti chini ya dirisha, amepea dirisha mgongo. Mama anafungua sauti yote."

"Na mvua ikinyesha?"

"Inamnyeshea goti. Anauliza, 'Yule mweusi amekimbia?' Mimi natoka namwambia."

"Hamjamwambia aende kwake?"

"Mama alinituma nimwambie. Akasema hewa ya hapo ni nzuri."

Nilicheka. Nakuambia ukweli, kwanza nilicheka, na nikawasimulia wenzangu nao wakacheka. Juma hilohilo ukanipigia kwamba Baba amelazwa hospitali huko mjini Kakamega, mapafu yamejaa. Sikucheka tena.

Halafu nikasikia yale maneno ya akina mama wa kanisani. "Bibi ya mtu wa Doha anatazama sinema, baba mkwe ananyeshewa." Hukuniambia wewe, nilisikia kwa senge Mebo, dada ya Baba, na unajua mdomo wake hauna mlango. Nilikaa juu ya kitanda na kiatu kimoja mguuni. Mtu aliyefungua sauti mpaka watoto wakaziba masikio, ili mzee asikie fahali wake, ndiye anaitwa mchoyo! Ungefanya nini? Kumshika mkono umwingize, huwezi. Kutoka uketi naye nje, huwezi. Mimi ndiye niliyewaweka hapo nyote wawili, kisha nikajisifu.

Nikamweleza Hamisi nikidhani atanipoza. Wapi!

"Elphas," akasema, "wallahi wewe umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili."

"Basi ungeachia la nne. Akili ingebaki. Hata kwetu Matungu mtoto mdogo anajua baba mkwe haketi kwa mkamwana."

"Nilitaka aone fahali."

"Kama ulitaka aone fahali, TV inafanya nini kwako?"

Niliwaza swali hilo zamu nzima nikiwa juu ya ngazi. Jibu ni moja na sitarudi nyuma: TV ihamie nyumbani kwa Baba. Yote. Na meza yake.

Sasa usidhani nimeamua kwa kichwa tupu. Kile kiboksi hakifai kule. Kinataka soketi yake na TV inataka yake, na nyumba ya Baba ina soketi moja, ile ya karibu na mlango. Mkianza kuunganisha nyaya sakafuni, mzee mwenye magongo atajikwaa na mguu uliobaki. Nikafikiria dekoda. Dekoda ina habari na mahubiri na mpira, lakini fahali wetu hawamo, na ukichelewa kulipia inakuonyesha maandishi tu. Nikafikiria TV mpya ya kisasa yenye mtandao ndani yake. Hamisi akaniuliza kama nataka aipakate kutoka Doha mpaka Kakamega kama mtoto mchanga. Na ile yetu bado ni nzima, haijatukosea.

Nikaenda duka la vifaa, kwa Mhindi mmoja tunayeelewana naye kwa Kiarabu cha kuokota. Akanionyesha kidude kikubwa kinachowaka taa pembeni.

"Hiki kina michezo, kina kila kitu, rafiki."

"Kinaonyesha fahali wakipigana?"

"Fahali? Kama Hispania?"

"Achana na Hispania. Kule mtu mzima anapigana na ng'ombe. Kwetu ng'ombe wanapigana wao kwa wao na watu wanacheza ngoma. Sisi tumestaarabika."

Alicheka mpaka akanipa kiti. Kisha akatoa kijiti. Mama Tabitha, ni kidogo kama kiberiti kilichorefushwa. Unakichomeka nyuma ya TV na kinapata umeme kutoka TV yenyewe. Ile picha ya mgongo wa TV niliyokuomba, ukadhani nataka kuiuza, ilikuwa ya kazi hii. Tundu zote mbili zipo, ya picha na ya umeme, na Mhindi akazithibitisha kwa miwani yake.

Lakini sikununua hapo hapo. Mimi si mtu wa kuuziwa. Nilimwambia anipe nikajaribu, nimwachie kitambulisho changu. Macho ya Baba yana ukungu, sasa rimoti nzuri ni ile ambayo kidole kinaijua bila jicho. Kule chumbani nikajifunga taulo machoni mbele ya TV yetu, nikashika rimoti inayofanana na ya kile kiboksi, yenye vitufe kama punje za mahindi. Nilitaka kuongeza sauti. Nikasikia chumba kizima kinaanguka kwa kicheko. Nilikuwa nimebadilisha lugha ikawa Kichina.

"Mzee atakuwa balozi kabla ya Krismasi," Hamisi akasema.

Nikashika rimoti ya kijiti. Duara moja katikati, sauti pembeni, basi. Mara ya kwanza nikapata, ya pili nikapata, ya kumi nikapata. Nikavua taulo na kuwaambia wote wanyamaze, Injinia amemaliza. Ndicho alichobeba Hamisi.

Sasa sikiza vizuri. Ndani ya bahasha kuna kijiti, rimoti, betri, na kidude cheupe cha waifai. Simu yako usiitumie kuwapa intaneti, maana ukienda sokoni fahali wanaondoka na wewe. Kidude hicho kina betri yake, kichajiwe usiku, kiwekewe laini ya simu na kikae juu ya kabati, si ndani ya kabati. Nimeshusha ubora wa picha ili bando isiishe kabla ya mshindi kujulikana. Ng'ombe utamwona, manyoya yake hapana. Ukurasa wa wale vijana nimeuweka wa kwanza kabisa. Tabitha abonyeze duara mara mbili, Baba atakuwa uwanjani. Mdogo wangu Ezra ndiye abebe TV, na asiibebe akiongea na simu.

Najua ninachokuomba. Jioni ukimaliza kazi ya shamba na vyombo, ile saa moja ya TV ilikuwa yako, na kule kwa Baba huwezi kuifuata. Watoto watakwenda, wewe utabaki na nyumba kimya. Sitakudanganya kwamba nyingine inakuja mwezi ujao. Haiji. Mkataba wangu bado mrefu. Ukikasirika, kasirika na mimi, una haki, lakini TV ihame kwanza halafu ndiyo ukasirike.

Baba naye atakataa. Namjua. Atasema, "TV ni ya watoto, mimi nina redio." Usibishane naye kupitia mtoto, maneno yatachoka njiani. Muite baba mdogo Zakayo, ndugu yake wa kumfuata, aje asimame pale. Halafu Tabitha amsomee kuka ile karatasi ya pili niliyoikunja peke yake. Wewe nenda zako mtoni ama kwa jirani, usikae karibu, asije akafikiri umeniandikisha.

Nisalimie Ezra mdogo wangu, mwambie ule uvivu nauona kutoka huku. Nisalimie mama mkwe kule Mautuma, mwambie mkwe wake anamheshimu hata asipomwangalia usoni. Senge Mebo msalimie kwa upole, mwambie asante kwa habari, lakini apumzishe mdomo kidogo. Brayo mpe paja la ingokho kabla Hamisi hajamaliza.

Hii hapa chini ndiyo nakala yako ya maneno atakayosomewa Baba. Nimekuandikia ili ujue nimesema nini.

"Baba, ni mimi Elphas. Nilikununulia kitu cha kuona fahali nikakiweka mahali usipoweza kuingia. Hilo ni kosa langu, na nimelifanya nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Mama Tabitha hakukukatalia. Alifanya nilichomwagiza na alichoweza, na alifungua sauti kwa ajili yako. Wewe ulikuwa pale, ulisikia. Watu wanamsema vibaya, na mimi niko mbali, nikimtetea watasema ni mume tu. Wewe wakikusikia watanyamaza. Kubali TV ikae kwako. Na Jumamosi ile ya kwanza, wazee wenzako wakija kuona fahali, kabla hawajaanza kupiga kelele, naomba uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe: aliyeniweka nje kwenye mvua ni mwanangu, si mke wake."

Ni mimi mume wako,
Elphas, Baba Tabitha