Mama Ananiuliza Avae Nini Kwenye Ndege

Shikamoo mama mshauri mpendwa. Mimi si mtu wa kuomba msaada, kwa kawaida ndiye ninayeombwa, lakini safari hii nimekwama, na gazeti lako nalisoma kila wiki kwa kinyozi likishazeeka.

Mimi ni mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege, mwaka wa sita sasa, nina kizibao kinachong'aa na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na mtaani kwetu wananiita Rubani, na sikufichi, jina limenikaa. Shule niliishia njiani, lakini mambo ya ndege hakuna wa kunibabaisha. Yeyote wa mtaa wetu akipata safari lazima apitie kwangu kwanza nimwambie avae nini, na msusi wa nyumba ya pili alipomfuata mumewe ng'ambo nilimchagulia mpaka hereni, akaondoka amependeza kama bibi harusi, na kwa bahati nzuri wateja wangu wengi wakienda wanakwenda jumla, hawarudi kulalamika.

Tatizo, mama mshauri, ni kwamba sijawahi kupanda ndege. Usinidharau, nimeingia ndani ya ndege mara nyingi kuliko wewe, ila naingia kule chini kunakokaa masanduku, natambaa kwa magoti, ndege imesimama kwenye jua la saa saba mchana, na mle kuna joto la tanuri, ukitoka unalikamua shati kama tambara la deki. Basi mimi nikajua ndege ndiyo hivyo, chini kwa masanduku na juu kwa watu ni sawasawa, na nani angenisahihisha, abiria hawaongei na sisi, wanatutazama dirishani tu tusije tukawavunjia vitu vyao.

Miezi minne iliyopita mama yangu alisafiri kwenda kwa dada yangu mkubwa, ambaye anaishi mbali na mumewe, ili madaktari wa huko wamtazame ini. Mavazi nikasimamia mwenyewe. Nikamvalisha gauni jepesi kama ganda la kitunguu na viatu vipya vyembamba mbele, kwa sababu kila siku nawaona wamama wakipanda ngazi za ndege na viatu vya namna hiyo. Yeye alikuwa amejitupia sweta lake la kijivu mabegani, lile alilokuwa akiendea kazini miaka ile anafagia ofisi za watu. Tulipofika pale mlangoni abiria wanapoingilia nililivua mimi, kwa mkono wangu huu, nikamwambia mama utachekwa, mle ni joto, unataka watu wajue ndiyo mara yako ya kwanza? Nikamwambia tena akishakaa asiombeombe vitu, wanaoombaomba ndio washamba. Akacheka, akasema sawa Rubani wangu. Nikarudi nyumbani na sweta begani napiga mluzi.

Alipofika akanipigia, akasema, "Safari nzuri mwanangu, na joto lilikuwepo kama ulivyosema." Mimi nikatangaza mtaa mzima.

Wiki tatu baadaye dada akanipa ukweli. Mama alitetemeka masaa tisa, mikono ameifumbata kwapani, na kila mhudumu alipopita na mablanketi alijifanya amelala ili asionekane mshamba akaniaibisha. Miguu ikavimba, viatu alivyovivua vikagoma kurudi, akashuka pekupeku, ameshika viatu mkononi, na huko mlangoni shemeji yangu amekuja na wazazi wake wote wawili na maua. Ndiyo mara ya kwanza mama kuonana nao. Dada akaniambia, "Mama alinikataza nisikwambie. Nakwambia kwa sababu naona bado unatamba."

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza habari za kuvaa nasema niko bize.

Sasa madaktari wa huko wamesema hawana zaidi la kufanya. Wamesema arudi nyumbani apumzike, na dada aliponisomea hilo neno la kupumzika nililielewa, sijasoma sana lakini hilo nililielewa. Anarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Amepungua, kila nguo inamning'inia, na miguu inavimba hata akikaa kwenye kochi tu. Juzi aliomba apewe simu aongee na mimi, sauti imekuwa ndogo mpaka nikatoka nje ya ghala la mizigo ili nimsikie, akasema, "Wewe ndiye mtu wa ndege. Niambie nivae nini nirudi." Nikamwambia nitakupigia mama. Leo siku ya tatu sijapiga.

Dada anataka nikiri kwamba sijui kitu. Lakini mama ametamba na mimi wodi nzima, wauguzi wote wanajua mwanawe ni mtu wa ndege, nikisema leo kwamba nilikuwa naongea tu nitakuwa nimemnyang'anya, na hana vingi vilivyobaki vya kutambia. Nikidanganya tena, atatetemeka tena, na sasa mwili wa kutetemekea hana. Usinijibu kwa upole mno, nitajua umenihurumia. Avae nini, na nimwambieje?

Rubani, wa mizigo

*

Rubani,

Hukutaka upole, basi vizuri. Jibu hili nakutumia kwa simu leo hii, usilingoje lizeeke kwa kinyozi. Mama mgonjwa ameuliza swali moja la nguo, na mwanawe anayejibu mtaa mzima amekaa kimya siku tatu. Hilo ndilo kosa lako kubwa, kuliko la sweta. Sweta ulilivua kwa kutojua, ulitaka mama yako apendeze mbele za watu, na sitakugombeza kwa hilo. Ila ule mdomo wako wa kuwaita wenzako washamba ndio uliomnyima blanketi. Ufunge. Mtu akiomba blanketi ana baridi, basi, hana kingine.

Na pole, mwanangu. Nimeisoma barua yako hapa ofisini, nikainuka, nikaenda kusimama dirishani, ndipo nikarudi kukuandikia.

Unaogopa kumwambia mama jambo analolijua. Mtu aliyetetemeka kwa saa tisa nzima angani ameshafahamu kwamba aliyemshauri hajawahi kukaa pale. Amefahamu miezi minne. Na pamoja na kufahamu, ndiyo kwanza anawasimulia wauguzi kwamba mwanawe ni mtu wa ndege. Kwa hiyo hakuna utakachomnyang'anya, alishakupima akaamua kutamba na wewe hivyohivyo ulivyo. Tena alipo kuna dada yako aliyewahi kusafiri, kuna wauguzi, wote wangemwambia la kuvaa kwa dakika moja. Kwa nini akaomba simu akuulize wewe? Nadhani anataka umvalishe tena, safari hii umvalishe vizuri. Wewe unamkimbia.

Nguo ni hizi. Gauni pana la pamba lenye mikono mirefu, lisilobana kiunoni, na chini yake suruali laini ya kulalia, hakuna atakayeiona. Juu sweta zito la kufungua mbele, lenye vifungo, si la kuvalia kichwani, maana mgonjwa kuinua mikono ni kazi. Shali kubwa ya kujifunika magoti. Soksi za sufu zilizolegea, na zile za kubana za kuzuia uvimbe asivae mpaka daktari aliyemtibu aseme, miguu ya mgonjwa wa ini si ya kubahatisha. Viatu vya wazi, vipana, vya kamba ya kulegeza, saizi moja zaidi ya yake, na hata akivivua avivae tena kabla ndege haijaanza kushuka. Bangili na pini za nywele ziwekwe kwenye mkoba mapema, asisimamishwe kupekuliwa huku amechoka. Dawa zote zikae mkobani miguuni pake, zisiingie kwenye sanduku, na sababu unaijua kuliko mimi.

Dada yako azungumze na shirika la ndege leo, asingoje wiki ijayo, aombe kiti cha magurudumu huku na huko na kiti cha upande wa njia karibu na choo, na achukue barua ya daktari inayosema anaweza kusafiri. Na je, anasafiri na nani? Hukuandika. Kama jibu ni peke yake, jibu hilo libadilishwe, dada au shemeji amsindikize hata kama itabidi kuomba ruhusa kazini kwa kusumbua watu.

Wewe nawe kaombe kubadilishana zamu. Alhamisi hiyo usishike sanduku la mtu. Ukae mlango wa wanaowasili kama watoto wengine wanaongoja mama zao, na ufike mapema.

Lakini kabla ya nguo zote hizo umpigie simu, leo hii, ukishamaliza kunisoma. Usianze kwa kumsomea orodha yangu. Anza kwa kumuuliza baridi ile ilimshika wapi kwanza, miguuni au mgongoni, na viatu vilimuuma upande gani. Kwenye hiyo simu mtakuwa wawili na aliyepanda ndege ni yeye, kwa hiyo yeye ndiye wa kukufundisha. Atakusimulia, na huenda akacheka. Mwache amalize. Kisha mwambie ulikuwa hujui, maneno mawili tu, usitunge hotuba, halafu ndipo mpange pamoja kipi avae na kipi kikae begani.

Ukianza kulia, usikate simu.