Sadaka ya Ashiraf kwenye Kitanda cha Kuzalishia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kitanda pekee cha kuzalishia cha zahanati yetu kimevunjika mguu jana, mzazi akiwa juu yake. Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia. Nimepiga simu wilayani. Ofisa manunuzi mpole kweli: matengenezo hayamo kwenye mpango wa mwaka, niombe yaingizwe, kisha mfumo wa manunuzi wa mtandaoni utangaze zabuni, mafundi waombe. Wiki sita, mtandao ukiwa na afya. Nikamwambia Wegesa, mjamzito wetu mmoja, hana wiki sita, ana siku. Na alipojifungua safari iliyopita alitokwa damu nusura tumpoteze. Akajibu: "Andika barua, Sista."

Nimeandika.

Jumatano, 5 Machi
Ashiraf, fundi wa kuchomelea vyuma wa Nyarero, kasikia, kaja na jenereta yake. Mkewe Samira alijifungulia hapa mwaka jana. Kamaliza chini ya nusu saa — yuko kwenye mfungo, hata maji hajagusa. Malipo kakataa, eti sadaka. Nilitaka kulia.

Na mimi, kwa uaminifu wangu wa kijinga, nikaandika kwenye daftari la mali: kitanda kimetengenezwa, bure.

Alhamisi, 6 Machi
Barua yangu imefanya kazi! Fundi wiki sita, wakaguzi wa manunuzi ya serikali siku tatu. Kiongozi wao Emanueli, kijana mtaratibu, kalamu mbili mfukoni. Kasoma "bure" mara tatu. Fundi amesajiliwa? Alishindana na nani? Nikasema hakuna mwingine aliyetaka kufanya bure. Akaandika hilo. Bei sifuri, anasema, iko chini ya bei ya soko, ni dalili mbaya. Kitanda kisitumike mpaka suala lifungwe.

Wamekizungushia utepe, wakabandika karatasi yenye mhuri. Nina hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne asubuhi. Wegesa kaletwa, chupa ya uzazi imeshapasuka. Emanueli bado yupo, amesimama mlangoni mwa chumba cha kuzalishia kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Ameomba kibali cha kuondoa utepe. Mfumo unafikiri.

Mama mkwe wa Wegesa, bibi Mokami, kamwambia, "Mura, kijana, toka mlangoni." Katoka.

Nimekata utepe. Naandika haya vifaa vikichemka. Emanueli kaniletea fomu: asaini aliyehakikisha kitanda ni salama. Nikamrudishia, mkaguzi ni yeye. Sasa amepiga magoti, anautikisa mguu wa kitanda aliouchomelea Ashiraf kwa mikono miwili. Hautikisiki. Anauliza hilo aliandike kwenye kisanduku gani. Wegesa ananiita, naacha hapa.