Mvua Juu ya Sauti ya Mzee Makokha

Jumanne, 6 Mei

Kitale. Stima imekaa mchana kutwa, ajabu. Nimemaliza harusi ya Kapenguria, wataijia kesho. Sasa ni Mzee Makokha wa Ndalu. Sherehe ya shukrani, kutimiza miaka themanini. Wafula alirekodi yote, mimi sikwenda. Yeye ni mtu wa kamera Bungoma, mimi ni mtu wa kuhariri Kitale, na hivyo ndivyo tunavyokula tangu tuache studio ya watu.

Tatizo ni lile la kila mara. Programu ninayohariria kwenye Linux, huu mfumo wa kompyuta wa bure, haisomi sauti ya kamera yetu. Picha zinaingia, sauti hapana. Dawa ni kugeuza faili zote kwanza. Niliandika amri ya mstari mmoja, nikabonyeza, nikaenda kuteka maji. Kurudi, kazi imeisha na diski imejaa pomoni. Nikafuta faili za mwanzo. Kadi za kamera nilishamwambia Wafula azifute azitumie tena, ana kazi Chwele.

Nimejipenda leo. Miaka yote nilihariri kwa programu za wizi na Jumapili naimba kwaya na uso mkavu. Tangu nihamie Linux hakuna virusi, hakuna ujumbe wa kunitisha. Hata dhamiri yangu sasa ina leseni.

Alhamisi, 8 Mei

Rangi zimekaa vizuri. Hotuba ya mzee ni ndefu, yote Kibukusu. Amesimama chini ya hema, mvua inanyesha, watoto na wajukuu wamemzunguka. Nilijaribu sauti. Ipo. Mvua inavuma kidogo, nikaona ni sawa, inapendeza hata.

Kibukusu sikijui. Nimezaliwa hapa, shamba la baba limepakana na la Wabukusu, nimesoma nao, nimelala kwao. Najua salamu tu. Hotuba kama hizi huwa nakata kwa kufuata mikono na nyuso. Mtu akiinua mkono, hapo pana jambo. Wateja hawajawahi kulalamika.

Jumatatu, 12 Mei

Mzee Makokha amefariki. Barasa, kifungua mimba wake, alinipigia asubuhi.

Wanataka hotuba haraka, ila si kwa ajili ya maziko. Ni kwa dada yake Barasa, Nasimiyu, aliye Omani. Aliondoka bila baraka za mzee, wakakosana, hawakuzungumza tena. Sasa siku ya sherehe mzee alisimama mbele ya ukoo akamtaja kwa jina, akasema amemwondolea ile hasira. Barasa amemweleza. Mama yao amemweleza. Nasimiyu hataki kuelezwa. Anasema watu huongea mengi wakimfariji mtu, yeye anataka kumsikia baba yake. Na tajiri wake amekataa kumpa ruhusa ya kuja kuzika.

Nilimwambia Barasa kesho asubuhi ataipata. Nilisema kwa maringo.

Jumanne, 13 Mei

Nilituma. Akapiga kabla sijanywa chai.

"Madam, hii ni mvua tu. Mzee hasikiki kitu anasema. Ati ile maiki ya koti ilienda wapi?"

Nilifungua faili nikaona. Kamera yetu hurekodi sauti mbili. Ya kwanza ni ya maiki ya kamera yenyewe, iliyo mbali, inayookota kila kelele. Ya pili ni ya ile maiki ndogo ambayo Wafula huibana kwenye koti la msemaji. Amri yangu ilichukua ya kwanza ikaiacha ya pili. Faili zote. Kosa la neno moja ambalo sikuliandika.

Nimeendesha programu ya kufufua faili zilizofutwa. Imerudisha majina. Ndani yake mna vipande vya kazi nyingine. Kadi nazo sasa zina kazi ya Chwele.

Kinachoniuma si amri. Niliisikiliza ile sauti. Nilikaa hapa nikaisikiliza nikasema ipo. Mbukusu yeyote angejua papo hapo kwamba maneno hayashikiki. Kwangu mimi hata yangekuwa wazi yangekuwa yale yale.

Jumatano, 14 Mei

Nimesema uongo. Nilikuwa nimejipanga kusema ukweli, nilishatafuta hata maneno. Barasa akaanza kwa kunishukuru kwa bidii yangu. Basi nikamwambia maiki ya mzee haikushika siku ile. Pengine haikuwashwa.

Sikumtaja Wafula. Hapakuwa na haja. Kila mtu alimwona akiibana.

Ijumaa, 16 Mei

Wafula amepiga simu. Wamemsema sana kule Ndalu.

"Shiru, sijui niseme nini. Si nilikuwa na hedifoni, nikamsikia mzee poa kabisa? Ama hiyo ni ya kule Chwele, nachanganya, sijui bana. Nimekuangusha. Nisamehe."

Nikamwambia hayo hutokea, asijali. Yaani mimi ndiye niliyemsamehe yeye. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumapili, 18 Mei

Kanisa. Nilikaa nyuma. Meza ya Bwana ilipotayarishwa nilitoka nje kana kwamba nina simu.

Jumanne, 20 Mei

Familia imempa mtu wa Webuye kazi ya kurekodi maziko. Na harusi ya Kibabii, ile Wafula aliyokuwa akiisubiri, nayo imeota mbawa. Bwana harusi ni mpwa wa Barasa. Nani atamwajiri mtu wa kamera anayesahau maiki?

Na bado amekuja. Amefika Kitale asubuhi na mkungu wa ndizi kutoka kwa mama yake, ati ni wa kunipoza. Anataka tujaribu kuitoa mvua. Mimi nijue kompyuta, yeye ajue Kibukusu. Ni wazo zuri. Nilipaswa kulifikiria mimi, ila nilikuwa na kazi ya kujificha.

Tulishinda tukisafisha. Yeye amevaa hedifoni, ananiambia hapa ni neno, hapa ni maji. Mimi naweka alama, napunguza, narudisha. Mvua ya juu ya hema na sauti ya mtu zimekaa mahali pamoja. Ukiitoa mvua sana, mzee anasikika kama anaongea ndani ya debe. Ukiirudisha, anazama. Wafula alirudia sentensi moja hadi nikaishika mimi mwenyewe. Hakulalamika. Kila mara aliponipa neno jipya alitabasamu kidogo, kama mtu anayelipa deni.

Nilimpikia mukimo. Alikula vizuri. Mimi changu nilikifunika.

Jumatano, 21 Mei

Tumefika mahali pa Nasimiyu kwenye hotuba. Kwenye picha mzee anageuka, anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Pengine Barasa alimwambia mzee kwamba Nasimiyu ataona. Anasema "Nasimiyu, omwana wase." Mwanangu. Hayo yanasikika, hata mimi niliyasikia. Kisha mvua inamwagika. Watu wanavuta viti ndani, mama mmoja anasogeza meza, mzee anaendelea kusema. Mdomo unakwenda. Hamna kitu. Nimejaribu kila kichujio ninachokijua na viwili nilivyojifunza leo. Hamna.

Nilimuuliza Wafula mzee alisema nini hapo. Alikuwepo, amesimama hatua chache.

"Hapo nilikuwa nachunga fokasi. Na ile mishale ya sauti kwa skrini, vile inapanda. Maneno yenyewe sikushika." Akairudisha picha nyuma. Kisha akasema, "Mishale ilikuwa inapanda, Shiru. Ya sauti zote mbili. Naiona hivi."

Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anajibembeleza mwenyewe, anatafuta kama ana haki ya kujiamini. Nilisimama nikaenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Niliporudi alikuwa ameanza tena, ameinamisha kichwa, ameziba hedifoni kwa viganja.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia.

Sikuzunguka. Nilifungua dirisha la amri, nikamwonyesha ule mstari wangu, na tarehe yake. Yeye si mtu wa mambo hayo lakini alielewa upesi. Maiki yake ilifanya kazi. Mimi ndiye niliyeiacha, kisha nikafuta, kisha nikanyamaza.

Alivua hedifoni. Akaukunja waya wake taratibu, duara juu ya duara, kama anavyokunja baada ya kila kazi.

"Ungeniambia tu siku ile. Tungetafuta vile tutasema, mimi na wewe." Kisha, akiwa mlangoni, "Mathe ameniombea juu ya hiyo maiki. Kanisani, mbele ya watu."

Mama yake, yule wa ndizi. Niliomba msamaha na ukasikika mdogo. Aliondoka bila kunywa chai, na kwa Wabukusu, mtu akiikataa chai yako umejua amekukataa wewe.

Ijumaa, 23 Mei

Ndalu. Nilikwenda mwenyewe. Boma limejaa watu, maturubai, sufuria, wanawake wanachagua maharagwe. Nilimwomba Barasa tukae na mama yake ndani.

Nilisema yote. Barasa akaniambia, "Kwa hivyo tumemtukana kijana wa watu bure. Na wewe ulikuwa unasikia." Nikasema ndiyo, nilikuwa nasikia.

Mama aliuliza jambo kwa Kibukusu. Barasa akanifasiria: anauliza, ulipoisikiliza hukujua kwamba mzee hasikiki? Nikasema sijui Kibukusu, Mama. Akauliza nilizaliwa wapi. Nikasema hapa karibu, Kitale. Alinisukumia kiti nikae, kwa sababu nilikuwa bado nimesimama, na hilo liliniumiza kuliko ukali wa Barasa.

Walinipa simu niongee na Nasimiyu. Nikamwambia tumepata jina lake na neno mwanangu, kisha basi, na kwamba kosa ni langu. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya mtoto mdogo, wa tajiri nadhani. Nikamwambia naweza kuendelea kusafisha. Akasema, "Wachana nayo, dada. Nitumie vile ilikuwa, na mvua yote. Hiyo ya kusafishwa haifanani na baba."

Nimetuma kutoka pale pale.

Jumamosi, 24 Mei

Maziko. Wafula hakuja. Wakati wa matangazo Barasa alishika kipaza sauti akasema kwamba maiki ya siku ya sherehe ilikuwa nzima, kijana Wafula hana kosa, aliyeharibu ni fundi wa Kitale, na yuko hapa. Watu waligeuka. Nilibaki nimesimama pale nilipokuwa. Ilikuwa haki.

Mama wa Wafula alikuwa kwa wapishi. Alinipita akiwa na karai, hakunisalimu.

Jumatatu, 2 Juni

Kazi ni chache. Nimeirekebisha ile amri, sasa inachukua sauti zote. Ilinichukua muda mfupi sana.

Harusi ya Kibabii imerudi kwa Wafula. Nimesikia kwa watu, si kwake. Picha atampa mtu wa kule kule Bungoma ahariri. Sikumpigia. Nilimwandikia asante ya ndizi, kwa kuwa sikuwahi kuisema, na ameisoma.

Barasa anasema Nasimiyu huicheza kila asubuhi kabla ya kuingia jikoni. Amemwambia mama yake kwamba anaamini. Kwamba baba asingemtazama hivyo kama bado ana hasira. Mama naye alimwelezea tena maneno yaliyofuata, na safari hii Nasimiyu alimwacha amalize. Nilifurahi. Halafu nikaona sina haki ya kufurahi sana, nikaendelea na kazi.

Leo nikianika nguo nimejikuta naongea. Kibukusu. Hotuba ya mzee, tangu mwanzo, na mahali anapovuta pumzi na mahali anapokohoa. Imeniingia bila mimi kutaka. Maana ya maneno mengi siijui, nitamuuliza mtu. Niliendelea hadi kwenye omwana wase, nikasimama hapo na shuka mkononi. Yanayofuata sina.